Machi Nne ya Kabula

Jumapili, 5 Februari 1995

Kabula ana baluni jekundu. Alilipata jana kwenye bethdei ya mtoto wa meneja, yule anayesoma naye chekechea ya masista. Amelala nalo. Asubuhi akataka twende nalo misa. Nikakataa, akalia, nikakubali, nikalificha chini ya kanga yangu – na katikati ya mahubiri likapasuka! Paa! Kanisa zima likageuka kunitazama kama nimepigwa risasi. Padre akanyamaza kidogo, halafu akaendelea na habari za chumvi ya dunia. Kabula alilia mpaka baraka ya mwisho.

Njiani akaniambia yote. Keki ilikuwa na ghorofa. Waliimba Kiingereza. Mtoto alipuliza mishumaa, ikazimika yote, watu wakapiga makofi. "Sasa Mama Sabi, bethdei yangu mimi ni lini?"

Nikasema tutamuuliza baba. Baba yake alikuwa chini ya pikapu ya bosi wake, inaonekana miguu tu. Nikaiuliza ile miguu. Ikajibu: wakati wa palizi. Palizi ya pamba.

Nikasema, baba Kabula, palizi sio tarehe.

Miguu ikajivuta ndani zaidi.

Nimeamua. Na huyu wangu atapata pati. Anatimiza mitano mwaka huu, hilo angalau tunalijua. Tarehe tutaitafuta.

Jumanne, 7 Februari

Bajeti. Mshahara wangu wa kiwanda cha samaki elfu ishirini na mbili, mwisho wa mwezi, sangara wakipatikana. Masele mume wangu atatoa elfu tano, amesema. Toa kodi ya chumba na nusu, toa unga, mafuta ya taa, ada ya masista. Inabaki kama elfu kumi na tatu hivi. Sasa: mchele kilo nne. Kreti moja ya soda – na chupa zote zirudi nzima, ikivunjika ni ya kwangu. Unga wa ngano, sukari, mayai, siagi ya kopo. Mabaluni. Kuku wawili.

Nimefuta kuku mmoja. Nimemrudisha. Nimemfuta tena.

Jioni nikamuuliza mwenyewe anataka wageni gani. Akakunjua vidole. Watoto wa mama mwenye nyumba, watatu. Mtoto wa Akumu wa kazini kwangu. Getruda wa chekechea. Mbwa wa pale kwa fundi baiskeli – nikasema mbwa haalikwi, akamkunja. Halafu akainua kidole gumba.

"Na mama."

Nikasema, "Mimi si nipo?"

"Sio wewe. Wewe utakuwa unapika. Yule wa Sengerema."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu watu wake.

Nani kamwambia Sengerema? Humu ndani jina hilo halitajwi. Masele aliniambia mara moja tu, wakati ananichumbia: yule mwanamke aliondoka mtoto akiwa hajaacha kunyonya vizuri, akavuka maji, hakurudi. Mtoto akalelewa na bibi yake kule Magu mpaka bibi akafariki. Ndipo nikaja mimi. Nilimkuta Kabula hajafika mitatu, ana mba kichwa kizima, hataki viatu, hataki mtu amguse masikio. Sasa akiumwa tumbo ananiamsha mimi, anampita baba yake.

Kidole gumba kile! Nimekiona mpaka nimemaliza kuosha vyombo.

Alhamisi, 9 Februari

Nimemweleza Akumu kazini. Tunasimama meza moja, mimi nachuna ngozi, yeye anatoa minofu. Keki ataoka yeye. Kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kwao Shirati ndivyo wanavyooka Krismasi. Hataki hela, anataka mayai tu na mtu wa kumpepelea.

Habari ya mama wa Sengerema akaikata palepale. Usithubutu! Atakuja, atakula, atamwona mtoto amenenepa, ngozi inang'aa, anajua kuhesabu mpaka ishirini. Atasema huyu ni wangu. Utakuwa umemnenepeshea mwenzio.

Tukachuna samaki kama wawili hivi. Halafu akasema taratibu – lakini mimi ningekuwa huyo wa ng'ambo, ningependa kuitwa.

Ndiyo Akumu huyo. Nikamwambia sasa nishike lipi? Akasema shika kisu vizuri, supavaiza anakuja.

Jumapili, 12 Februari

Nilimngoja Masele amalize kula. Nikamwambia: mtoto anamtaka mama yake kwenye bethdei. Na tarehe anaijua yeye peke yake.

Akaosha mikono muda mrefu sana. Akasema mbona tarehe tunaweza kuchagua yoyote, Kabula hajui kusoma kalenda. Nikasema atakuja kujua. Akasema huyo mama alikuwa wapi miaka yote. Nikasema sijui, nitamuuliza. Akasema, Sabina, unakwenda kumwamsha mtu aliyelala.

Akanipa ile elfu tano. Akaongeza nauli juu yake bila kusema ni nauli.

Namjua mume wangu. Akitaka kukataa hasa, hukataa. Hii haikuwa kukataa.

Jumamosi, 18 Februari

Nimerudi. Miguu inauma, kichwa kimejaa. Niandike kabla haijanitoka.

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema nauguza. Basi la asubuhi mpaka Kigongo, kivuko, basi jingine Busisi mpaka Sengerema. Kwenye kivuko nilikaa karibu na mama mmoja mwenye tenga la vifaranga, akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa dada yangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda ndilo lilikuwa jibu fupi.

Kumpata haikuwa kazi. Kila mtu stendi anamjua Modesta wa mgahawa. Banda la mabati, mabenchi, wali, ugali, samaki. Alikuwa amenipa mgongo anasonga ugali. Akageuka – nikamtambua kwa paji la uso. Paji lile mimi nalipaka mafuta kila asubuhi.

Nikamwamkia. Nikasema, "Mimi naitwa Sabina. Natoka Mwanza, Igogo. Naishi na Masele."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Amekufa?"

"Nani?"

"Mtoto! Umekuja kuniambia Kabula amekufa?"

"Hapana! Hapana, dada! Mzima kabisa! Anataka bethdei!"

Akakaa chini. Si kwenye benchi – chini, kwenye mfuko wa unga. Akacheka, akalia, akajifunika uso na aproni, akacheka tena. Wateja wakawa wanauliza vipi mama, ugali unaungua. Kweli ulianza kunuka. Basi mimi nikavua viatu vyangu vya misa, nikashika ule mwiko, nikasonga. Nikapakua. Nikawapa samaki, nikapokea hela, nikamwekea kwenye kopo. Mzee mmoja akasema huyu mpya anasonga vizuri kuliko mwenyewe. Modesta akacheka zaidi kule chini.

Wateja walipopungua ndipo tukakaa.

Nikamuuliza tarehe. Hakufikiri hata kidogo. "Machi nne. Jumapili. Kengele ya misa ya pili ilikuwa inalia, nikamwambia mkunga fungua dirisha nisikie." Halafu akaniuliza mimi. Anakula nini? Bado anakohoa usiku? Bado anashika sikio akitaka kulala? Nikasema sikio lake mwenyewe hataki liguswe, akilala anashika la kwangu. Akajishika la kwake. Nikajuta kusema.

Nami nikamuuliza kilichonileta zaidi ya tarehe. Kwa nini hakurudi?

Akanitazama kama haelewi Kiswahili changu. "Nani alikwambia sikurudi?"

Hakuondoka. Walimwondoa. Walikosana yeye na mama mkwe, Masele yuko safari za kusomba pamba, mambo ya nyumbani tu, chumvi na kuni. Mkwe akamwambia nenda kwenu, lakini ng'ombe wetu wa mahari wako kwa baba yako, kwa hiyo mtoto anabaki kwetu. Amekwenda Magu mara mbili. Mara ya kwanza walimpa maji ya kunywa na kumsindikiza njiani. Mara ya pili walimficha mtoto nyumba ya jirani. "Nilimsikia analia," alisema. "Nyumba ya tatu. Matiti yakachuruzika maziwa mpaka gauni likalowa. Nikarudi na gauni lile lile mpaka Busisi."

Nikamwambia, "Njoo Machi nne."

"Nije kama nani?"

Swali hilo! Nalifikiria mpaka sasa hivi. Nilisema, "Njoo ule wali."

Kabla sijaondoka akanionyesha nyumba yake nyuma ya mgahawa. Chumba kimoja, safi. Kando anajenga cha pili, matofali yamefika juu ya dirisha, bado bati. Dirisha lenyewe liko chini, kimo cha mtoto kuchungulia nje. Hakusema ni cha nani. Mimi sikuuliza.

Kwenye kivuko wakati wa kurudi nilisimama njia nzima.

Jumatatu, 20 Februari

Jana sikusema neno. Leo nimesema yote. Nilimwambia Masele kila kitu kama nilivyoambiwa, nyumba ya tatu, gauni, kila kitu.

Akasema alikuwa safarini. Aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha.

"Ulimfuata?"

Akaangalia mlango.

"Masele. Ulimfuata?"

"Sikumfuata." Halafu akaongeza: mama alisema yule ndiye aliyekataa mtoto. Nami nilikuwa kijana. Nilimwamini mama yangu, ningemwamini nani?

Nilikasirika. Miaka yote hii namwonea huruma mtu aliyeachwa! Nilitaka kusema maneno mabaya ya marehemu. Nikayameza. Kabula alikuwa uani anamfundisha mwanasesere wake kula matope.

Masele hakugusa chakula. Nilimfunikia hata hivyo.

Ijumaa, 24 Februari

Siku ya nne nyumba iko kimya. Leo jioni, anafunga kamba ya kiatu, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa – siku hizi kivuko cha asubuhi kinafika saa ngapi upande huu?

Nikasema sijui, kaulize Kigongo.

Lakini nilifurahi. Nikamwekea kipande kikubwa cha samaki.

Jumamosi, 25 Februari

Balaa! Mshahara hakuna. Wametukusanya wote na mabuti yetu, wakasema sangara ni wachache mwezi huu, wanunuzi wa Ulaya hawajalipa, tungoje mpaka tarehe kumi. Tarehe kumi! Wanawake wengine walilia. Akumu alitukana Kijaluo, supavaiza akajifanya haelewi.

Nimerudi nyumbani nikafungua bajeti. Bajeti ya nini sasa? Nina elfu tano ya Masele na sarafu za kopo. Na Idi iko wiki ijayo, kuku wamepanda bei kama wameambiwa. Nikafuta kreti, nikaandika soda nusu kreti. Nikafuta kuku aliyebaki. Nikabaki na mchele, keki na mabaluni, nikajiambia watoto hawajui tofauti.

Nimekaa hivyo, kondakta wa basi akapiga hodi. Amebeba nusu gunia la mchele begani na kitambaa kilichofungwa fundo. Umetoka Sengerema. Ndani ya fundo elfu kumi. Ujumbe aliuleta kwa mdomo: mwenyewe anasema atakuja, mwambie mtoto atakuja.

Wazo langu la kwanza, niliandike kama lilivyokuja: nirudishe! Mchele wote, na fundo lake! Mimi ndiye niliyemvisha viatu. Mimi ndiye niliyemponya mba. Sasa pati iwe ya mtu mwingine?

Kabula akaja akatumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko. "Wa nani?"

Nilifunga lile fundo upya. Halafu nikasema, "Wa mama yako. Ametuma wa bethdei yako. Anakuja."

Akautazama ule mchele. Akachota ngumi moja, akatoka nje mbio. Nikachungulia. Anawaonyesha watoto wa mama mwenye nyumba. Wanautazama kwa zamu, kama dhahabu. "Mama yangu huyu," anawaambia.

Basi. Nimemrudisha kuku kwenye bajeti. Na kreti nzima.

Jumatano, 1 Machi

Majivu leo. Nilikuwa nimesahau kabisa – Machi nne iko ndani ya Kwaresima! Shemeji yangu, dada yake Masele wa Magu, alipita kutusalimu, nikamwambia, akashika mdomo. Sherehe kwenye Kwaresima? Na mkaribishe yule? Akaniambia nijitazame mwenyewe, miaka mitatu kwenye ndoa hata dalili, na mmoja niliyenaye naita mtu aje amchukue.

Nilimpa chai. Nikampa na sukari. Alipoondoka nikakaa jikoni kidogo.

Jioni baada ya kupakwa majivu nikamngoja padre pembeni. Akanisikiliza huku anajifuta vidole. Akasema mtoto wa miaka mitano hafungi. Wakubwa tusilewe, tusicheze muziki mpaka majirani wakome. Halafu akauliza, huyu ndiye mwenye baluni? Nikasema ndiye. Akasema ukinunua mengine usije nayo kwangu.

Ijumaa, 3 Machi

Idi! Uani kwetu kunanuka pilau toka alfajiri. Mama mwenye nyumba alitupakulia sinia zima, nikamwambia mimi leo Ijumaa ya Kwaresima nyama sili, akasema basi mbakizie mtoto, na nyama nyingine nimeweka kwa ajili ya kesho kwenu, usiseme hapana. Sikusema hapana.

Keki. Ya kwanza imeungua upande mmoja, Kabula alipepea kwa nguvu zake zote, mkaa ukashangilia. Akumu akakata ule upande mweusi, watoto wakaula. Ya pili imetoka! Imeinuka, ina rangi ya mkate wa shilingi mia, imelala kidogo kulia. Kabula akauliza ghorofa iko wapi. Akumu akamwambia ghorofa ni za wezi. Akaridhika.

Nimemsuka. Kalala kwenye mapaja yangu nusu saa nzima bila kulalamika, halafu akauliza, "Mama wa Sengerema atanijua?"

Nikasema atakujua.

"Na mimi nitamjua?"

Nikasema, "Tazama paji la uso." Akajishika lake. Amelishika mpaka kalala.

Masele ameosha pikapu ya bosi. Hakuambiwa na mtu.

Jumamosi, 4 Machi

Asubuhi. Jua. Mabaluni yamefungwa mlangoni. Mawili yameshapasuka. Wali uko motoni, kuku tayari. Masele kasema anakwenda kutafuta mkaa, kaenda na pikapu.

*

Saa tisa mchana. Nimeingia chumbani kutafuta kiberiti, nimekaa kitandani, nimechukua kalamu. Dakika moja tu. Nje Akumu anawashika.

Wameitwa watoto watano, wamekuja kumi na tisa. Mbwa wa fundi baiskeli pia yuko. Soda nimegawa chupa moja watoto wawili, imevunjika moja, sikumpiga mtu. Nyama ya mama mwenye nyumba imetuokoa. Wamekula mpaka masufuria yameng'aa. Wameimba Kiingereza wasichokijua, wimbo umefika katikati ukageuka Kisukuma.

Keki iko mezani. Haijakatwa. Nimemwambia Kabula mara tatu, njoo tuwashe mishumaa. Anasema bado. Amevuta stuli, amekaa karibu na keki na kitambaa, anafukuza nzi. Gauni jipya, mikono imelala mapajani kama mtu mzima aliyeko kwenye kikao. Kila mwanamke akipita nje ya uzio anamtazama usoni. Juu, hapa, kwenye paji. Halafu anaendelea kufukuza nzi.

Nilikwenda nikachuchumaa kando yake. Nikasema, mama, pengine kivuko kimejaa, Idi hii watu wengi. Pengine atafika kesho. Tukate kidogo, tumwekee kipande.

"Hapana, Mama Sabi. Wewe kapumzike. Mimi nangoja."

Kapumzike! Nilitoka pale haraka.

Mama mwenye nyumba anauliza Masele yuko wapi. Nikasema mkaa. Akumu akasema mkaa gani huo wa toka asubuhi, kautoa Bukoba? Ndipo nikaelewa. Mjinga mimi! Kigongo. Amekwenda Kigongo. Mwanamume aliyeshindwa kumfuata alipotakiwa, leo anangoja pale kwenye maegesho, anatazama kila uso unaoshuka. Hata hakuniambia. Pengine aliogopa kwamba hatakuja, arudi peke yake nimwone.

Na mimi? Mimi ninaogopa nini? Niandike ukweli, hapa hakuna mtu. Naogopa akija. Naogopa asipokuja, uso ule pale kwenye stuli. Nikilinganisha, la pili naliogopa zaidi. Sikujua hivyo mpaka leo.

Kiberiti kilikuwa chini ya mto.

Mawingu yamefunga upande wa ziwa. Matone ya kwanza kwenye bati. Akumu anapiga kelele watoto waingie na viti.

Pikapu. Naijua injini ile, inakohoa kabla ya kuzimika. Imesimama nje.

Mlango wa gari umefungwa. Mmoja.

Na wa pili.

Watoto wamenyamaza wote. Nasikia sauti ya Masele, anasema pita, pita, usilowe. Na nyingine, ya mwanamke, inasema hodi chini chini, kama mtu asiye na uhakika wa nyumba.

Nilidhani Kabula ametoka mbio. Hakutoka. Nimesikia miguu yake, inakuja huku. Yuko mlangoni mwa chumba, ana kitambaa cha nzi mkononi, amekodoa macho. Anasema ana paji, Mama Sabi, nimeliona. Nasema basi nenda, mama, nenda kampokee. Anatikisa kichwa. Anasema peke yangu siendi. Amenishika mkono, huu huu wenye kalamu, anavuta